Firigisi ya Mwalimu Mkuu

Nianze na aibu yenyewe, tusizungushane. Siku ya Krismasi, nina miaka kumi na mmoja, niko nchi ya watu, nilipiga magoti kwenye zulia la shangazi yangu mbele ya mwalimu mkuu wa shule niliyokuwa naitamani kuliko kitu chochote, nikampa kwa mikono miwili firigisi niliyoiokota kwenye pipa la taka. Akaila. Akaimaliza. Halafu nikamwambia nilikoitoa. Kama wewe umewahi kujiaibisha zaidi ya hapo, njoo Mandewa kwenye banda langu la supu, utakula bure. Watu wengi wamekuja na aibu zao, wameketi, wamesimulia, na wote wamelipa. Kazi yangu ni kuchemsha kuku wa kienyeji, na kila alfajiri nikifunua sufuria, ile harufu ya firigisi inayoanza kulainika na chumvi na kitunguu ikinipiga usoni, pua yangu inapita kwanza Gaborone ndipo inarudi hapa Singida. Imeshazoea safari hiyo, haiombi hata hati ya kusafiria.

Ili uelewe ujinga wangu ulikotoka, lazima ujue na mimi nilikotoka. Nimezaliwa Kinampanda, kule Iramba, mtoto wa wakulima wa alizeti na mtama, na Krismasi ya kwetu ilikuwa kazi ngumu ya tumbo. Mvua zimeshaanza, udongo unanukia, watu wameweka jembe chini siku moja tu. Asubuhi kanisani, kwaya inaimba mpaka bati linatetemeka, mahubiri yanakuwa marefu kiasi kwamba njaa nayo inakuwa sehemu ya ibada. Ukitoka hapo unaanza mzunguko. Habari ya kualikwa haikuwepo, mlango ukiwa wazi umeshaalikwa. Unaingia kwa fulani, shikamoo baba, shikamoo mama, unaletewa wali, unakula. Unaingia kwa jirani yake, shikamoo, wali tena. Ukifika nyumba ya sita umeshafungua kifungo cha sketi na bado unakula, maana kukataa ni kumtukana mwenye nyumba. Rafiki yangu Tatu, ambaye kwao ni Waislamu, alikuwa anafika kwetu kabla hata hatujatoka kanisani, tunamkuta mlangoni amejipaka mafuta mpaka anang'aa, na nyimbo za kwaya alikuwa anazijua kuliko mimi niliyekuwa mwanakwaya. Idi ikifika na mimi nafanya hivyo hivyo kwao. Wala hatukuona kama ni jambo la kusifiwa. Ilikuwa ni njaa tu yenye adabu.

Kwenye huo wali palikuwa na kuku, na kwenye kuku palikuwa na sheria. Paja lina mwenyewe, kidari kina mwenyewe, shingo na miguu ni ya watoto, na firigisi ni ya baba. Mgeni mkubwa akija, baba anampisha, firigisi inakwenda kwa mgeni. Inawekwa peke yake juu ya nyama nyingine ili mgeni akifunua sahani aione kwanza. Wanawake walikuwa hawaili, na ukiuliza kwa nini unaambiwa kula ulichopewa. Sasa ole wenu mgeni apewe kuku asiye na firigisi. Atakula kimya, atashukuru, atanawa mikono, na akifika njiani ataanza kutangaza: wale watu wameniletea kuku mtupu, firigisi wameimalizia jikoni. Najua kijana aliyekosa mchumba kwa jambo hilo. Baba yangu naye kulikuwa na mzee hawakusalimiana miaka na miaka kwa sababu ya firigisi iliyoibwa na paka, na paka mwenyewe alishakufa zamani.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa nesi huko Botswana. Mwaka huo alikuja likizo na sanduku la magurudumu, akaliburuza kwenye mchanga wa Kinampanda mpaka magurudumu yakagoma, ikabidi libebwe kichwani kama mzigo wa mtu mwingine yeyote. Akakaa wiki mbili anapangusa viti kabla ya kukalia. Lakini aliona madaftari yangu, akaona kwamba nashika namba ya kwanza darasa la tano, akawaambia wazazi wangu kwamba mtoto huyu ana akili, mkimwacha hapa mtamfanya mchunga kuku. Atanichukua, atanitia shule ya Kiingereza, shule ambayo kila mtoto ana kitabu chake na dawati lake. Kwetu tulikuwa tunakaa watu wanne dawati moja, wa pembeni ananing'inia nusu. Usiku ule sikulala. Mama akalipeleka neno kanisani, likatangazwa, nikaombewa mbele ya watu wote, na mimi nikaanza kutembea kijijini kama mtu aliyeshasoma tayari. Tatu nikamwambia nitakaporudi nitakuwa naongea kwa pua. Akaniuliza na mafua yakinishika je. Nikamdharau, nikamwambia hayo ni mawazo ya kijijini.

Tulikwenda kwa mabasi. Nimetapika katika nchi tatu, mbili kati ya hizo nikiwa naziona kwa mara ya kwanza, na dirishani nikawa nategemea kuona maajabu. Kumbe mwisho wa safari yote ile ni nchi kavu yenye miiba na jua la kupasua midomo, yaani kama wamechukua Singida wakaifagia, wakaiwekea lami. Nyumba ya shangazi ilikuwa na ukuta, juu ya ukuta nyaya, mbele ya ukuta geti linalofunguka lenyewe. Mumewe alikuwa fundi mgodini, mbali huko, na sikukuu hiyo hakupewa ruhusa, kwa hiyo tulikuwa sisi watatu: shangazi, binti yake Glory, aliyenizidi mwaka mmoja, na mimi. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba yangu ilikuwa lugha. Kule ni Kiingereza na Kitswana, na mimi nilikuwa na Kiswahili cha darasa la tano na Kinyiramba cha kutosha kufukuzia mbuzi. Glory alikuwa anakijua Kiswahili vizuri tu, ila alikitumia anapotaka kuniagiza maji. Wageni wakiniuliza jambo, anatafsiri yeye, na tafsiri zake zilikuwa zinawachekesha watu hata pale niliposema nimeshiba.

Sasa Krismasi yao. Nimeona vitu duniani, nimeona ng'ombe amekula ndoo, lakini sijaona kitu kama kile. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe shangazi alitoa kwenye boksi mti wa plastiki, akaupanga tawi moja moja, halafu akauwekea pamba. Nikauliza pamba ya nini, mti umeumia? Glory akasema ni theluji. Nje jua linachemsha maji kwenye bomba, ndani watu wazima wamekaa wanaupaka mti theluji ya pamba ya hospitali. Chini ya mti palikuwa na maboksi yamefungwa kwa karatasi za kung'aa, mengine ndani hayana kitu, yamewekwa yaonekane mengi. Chakula kilipangiwa saa, saa saba mpaka saa tisa, kama zamu ya wodini. Na wageni walipelekewa kadi. Nilihesabu kadi zile: tano. Watu watano kuja kula Krismasi, na bado wamepewa barua. Kwetu watu watano ni wale waliofika mapema. Nikamuuliza shangazi je, mtu akija bila kadi? Akanitazama kama nimemuuliza habari za wezi, akasema ndiyo maana kuna geti. Na kweli mtaa mzima ulikuwa kimya, wenyeji wamekwenda vijijini kwao kusherehekea na watu wao, ndiyo akili hiyo. Waliobaki ni wageni kama sisi, kila mmoja amejifungia na mti wake wa plastiki.

Lakini nisijifanye nilikuwa juu ya mambo yale. Nilikuwa nayacheka moyoni na bado nilikuwa tayari kulamba pamba ya ule mti tawi moja moja kama ningeambiwa ndiyo ada ya kuingia shule. Maana shule ilikuwa bado. Shangazi alifika na mimi ndipo akaambiwa nafasi zimejaa, nikakaa nyumbani miezi, naosha vyombo na kuangalia watoto wa jirani wakipita na sare za rangi ya zambarau. Nilijua saa wanayokwenda na saa wanayorudi. Kulikuwa na binti mmoja ambaye soksi yake ya kushoto ilikuwa inashuka kila siku, na mimi ndani ya geti nilikuwa najiapiza kwamba yangu haitashuka. Halafu wiki ya Krismasi nikamsikia shangazi anaongea na mumewe kwenye simu, kwa Kiswahili, kwamba mwalimu mkuu wa shule ile amekubali kuja kula, mama mmoja wa kule kule ambaye mama yake mzazi alikuwa amelazwa wodini kwa shangazi, na atamtazama mtoto. "Akimpenda tu, Januari anaingia," alisema. Neno hilo nilikwenda nalo kulala. Akimpenda tu. Nikajiuliza mtu mkubwa kama yule anapendezwa na nini, na mimi kuongea naye siwezi.

Asubuhi ya Krismasi shangazi alimtoa kwenye friji bata mzinga. Mimi nilidhani ni mbwa aliyechunwa. Mkubwa, mweupe, baridi, hana kichwa wala miguu, amekunjwa kama mtu anayeomba radhi. Shangazi akaingiza mkono ndani yake, akatoa mfuko mdogo wa plastiki, akautupa kwenye pipa bila hata kuutazama, akaanza kumjaza yule ndege mikate. Nasema mikate. Mtu anatoa nyama tumboni anaingiza mkate. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na kitambaa cha vyombo, nikainama kidogo, nikauona ule mfuko juu ya maganda ya viazi: shingo, ini, moyo, na firigisi kubwa kama ngumi ya fundi seremala. Sijawahi kuona firigisi ya ukubwa ule tangu nizaliwe. Nikamvuta Glory nikamwambia mama ametupa firigisi kwa bahati mbaya. Akasema siyo bahati mbaya, hizo ni za mbwa. Na mbwa hata hawakuwa naye.

Wakavaa, wakaenda kanisani. Mimi nikaachwa kulinda oveni, kwamba nikisikia harufu ya kuungua nizungushe kifungo kile pale. Hiyo ndiyo Krismasi yangu ya kwanza ugenini, na ni ya kwanza maishani bila ibada. Nimeketi kwenye kigoda cha jikoni namtazama bata kupitia kioo kama ninavyotazama televisheni. Kwetu muda ule Tatu yuko mlangoni, mama anapuliza moto, na watu wanakuja. Hapa hakuna aliyebisha. Nikalia kidogo, nikachoka kulia, na nilipochoka akili ikaanza kufanya kazi, ambayo mara nyingi ndipo matatizo yangu yanapoanzia. Nikawaza: mwalimu mkuu atakuja, ataletewa ndege mkubwa kuliko ndege wote, atafunua, hataiona firigisi. Atakula kimya, atashukuru, atatoka getini, na njiani atasema wale Watanzania wamenificha firigisi. Atanipenda kwa lipi? Na nikawaza tena: akiiona je? Akiletewa na mimi, kwa mikono yangu? Ni kweli ni mwanamke, na wanawake hawaili. Lakini mtu mwenye shule nzima si ni zaidi ya baba yeyote wa Kinampanda? Heshima aliyokuwa anapewa baba yangu nitampa yeye, na ataelewa. Hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho hakikuhitaji tafsiri.

Nikaenda kwenye pipa. Naomba ieleweke kwamba ilikuwa ndani ya mfuko wake, ganda la kiazi halikuigusa, na mpaka kesho nitalisema hilo mbele ya mahakama yoyote. Nikaiosha kwa maji ya moto na chumvi, nikaiosha tena kwa limau, nikaichemsha muda mrefu mpaka kijiti kikaingia bila kubishana, nikaikaanga na kitunguu kidogo tu kwa sababu kitunguu chao hakina hata machozi. Nikaifunika kwenye kisahani, nikakificha nyuma ya gunia la mchele. Jiko nikalifuta likang'aa. Waliporudi, shangazi alinusa hewani, akasema bata ananukia vizuri. Nilifurahi sana kusikia hivyo.

Wageni walifika saa saba kamili, wote watano, kama wamepangwa foleni nje. Mwalimu mkuu alikuwa mama mnene mwenye kofia ya kanisani na macho yanayotulia juu ya mtu. Nikampigia goti, nikamwamkia shikamoo, akacheka vizuri, akaniwekea mkono kichwani. Mkono ule niliuhisi mpaka kwenye visigino. Wakakaa mezani, kila mtu na visu viwili na uma mbili kama anakwenda kufanya upasuaji, wakavaa kofia za karatasi, watu wazima hao, daktari mmoja na mkewe, mhandisi mmoja na mkewe, wakamsifia bata, wakampiga picha. Kabla hawajaanza nikapita nyuma ya viti na kisahani changu, nikapiga magoti pale kwenye zulia, nikafunua, nikampa mwalimu mkuu kwa mikono miwili. Shangazi alikuwa anatabasamu. Tabasamu lile halikuondoka, lilibaki pale pale usoni, ila mwenyewe alikuwa ameshatoka.

Mwalimu mkuu aliuliza ni nini, Glory akamwambia. Yule mama akapiga makofi madogo mawili, akakipokea kisahani kwa mikono miwili kama nilivyokitoa, akasema kitu kirefu kwa lugha yake, akaacha visu vyake vyote akaishika kwa vidole. Akaila akiwa anatikisa kichwa. Wengine wanakata bata mkavu, wanammezea soda, yeye anakula firigisi na anailamba chumvi kidoleni, na mimi niko chini kwenye zulia, moyoni nimeshavaa soksi za shule, zimepanda mpaka magotini. Alipomaliza akamuuliza Glory jambo, na Glory akanigeukia. "Anasema ni tamu sana. Anauliza umeitoa wapi, mbona bata wa leo madukani anauzwa hana matumbo?"

Ningeweza kusema nimeinunua. Ningeweza kusema ameileta shangazi, tukapata sifa wote. Lakini mimi nilitaka sifa yote iwe yangu, nijulikane kwamba nina akili ya kuokoa kitu. Nikasema kwa sauti ya kujibu swali darasani, "Shangazi aliitupa kwenye pipa la taka, mimi nikaiokota." Na Glory, ambaye hakuwahi kunitafsiria sawasawa hata siku moja, siku hiyo alitafsiri neno kwa neno.

Daktari akaweka uma chini. Mke wa mhandisi akakohoa kwenye kitambaa. Mtu mmoja akaitazama sahani yake kana kwamba na yeye anataka kujua historia ya kila kipande. Mwalimu mkuu akanitazama, akamtazama shangazi, akajifuta mdomo polepole, na usoni kwake sikuweza kusoma kitu, maana sura nayo inahitaji kuzoewa. Shangazi akacheka kwa Kiingereza. Akaeleza, akaeleza, mkono wake ukawa unanionyesha mimi kisha unaonyesha mbali sana, upande wa huku kwetu. Nikarudi jikoni. Walikula, saa tisa ikafika, wakaondoka, na mwalimu mkuu alipokuwa anatoka alichungulia jikoni akanipungia mkono, nikajificha nyuma ya mlango wa friji. Geti lilipofunga shangazi alikuja akasimama juu yangu. Hakunipiga. Alisema, "Miaka tisa nimejenga heshima katika nchi hii. Wewe umekuja kuwaambia watu nawalisha takataka." Nikamwambia shangazi, mimi niliogopa atasema tumeificha. Akanitazama, na nina hakika alielewa, maana na yeye kazaliwa Kinampanda, amekula shingo na miguu kama sisi. Ndiyo maana alikasirika vile. Mtu asiyeijua firigisi angecheka tu.

Januari nikaambiwa shule imejaa, mwalimu mkuu amekataa. Nesi mwenzake shangazi alikuwa anarudi likizo Tanzania, nikafungiwa virago, nikatapika tena nchi tatu kwa mpangilio wa kurudi. Kijijini nilikuta nimeshatangazwa kanisani kwamba naendelea vizuri na masomo. Nikawaambia watu hali ya hewa ya kule haikunikubali. Nikarudi dawatini, tukawa watano. Sekondari nilifika kidato cha pili, nikafeli, nikakaa, na huo ndio mwisho wa akili ya Kinampanda. Tatu peke yake nilimweleza ukweli, tukiwa shambani tunapalilia, na kwa kuwa nilishaona kwamba nikiisimulia kwa kulia inauma, niliisimulia kwa kucheka. Tangu siku hiyo nimeisimulia hivyo. Nimeigiza shangazi, nimeigiza bata, nimeigiza daktari na kofia yake ya karatasi. Watu wanakuja kwenye supu kwa ajili ya firigisi, nao wanapewa na hadithi yake.

Siku hizi sina haja ya kwenda Botswana kuiona Krismasi ile, imenifuata yenyewe. Mandewa hii imejaa kuta na mageti. Watu wanaweka mti wa plastiki wenye theluji, Singida, mahali ambapo tukiona wingu tunaitana. Pilau linapigwa picha kabla ya kuliwa, na mtu anaona picha ya chakula cha jirani yake kwenye simu akiwa upande wa pili wa ukuta, anaandika hongera. Ukitaka kwenda kula sikukuu kwa mtu unapiga simu kwanza. Na nikiwacheka nakumbuka mwaka juzi watoto wa mpangaji mwenzangu walibisha mlango wangu saa saba ya Krismasi, wamevaa vipya, na mimi nilikuwa nimechoka na nyama ilikuwa kidogo. Nikazima redio. Nikakaa kimya mpaka wakaondoka. Kiingereza sikukipata, lakini geti nililijifunza vizuri.

Mwezi uliopita Glory alipita Singida akienda Kinampanda kumwona mama yake, aliyeshastaafu na kurudi kujenga huko huko kwenye mchanga. Glory amekuwa mtu mzima, mpole, Kiswahili kimemrudia. Aliketi bandani, nikamwekea firigisi, tukacheka. Akala, akaweka kijiko chini, akasema kuna kitu anakijua tangu siku zile. Yule mwalimu mkuu hakukataa. Alipiga simu mwenyewe mara mbili, mwanzoni mwa Januari, kuuliza yule mtoto wa firigisi anakuja lini, dawati lake lipo. Mara zote mbili shangazi alijibu kwamba mtoto ameshindwa kuzoea, amerudi kwao. Mimi wakati huo nilikuwa jikoni naosha vyombo.

Nilicheka, bwana wee. Nilicheka mpaka Glory akaogopa. Na kesho yake hadithi yangu ikawa na mwisho mpya, mzuri kuliko wa zamani, nikaupeleka kwa wateja ungali moto: naigiza simu inaita, naigiza shangazi anakausha koo, naigiza mimi na povu la sabuni sijui kitu. Madereva waligonga meza. Tatu alikuwepo, yeye ndiye ananikatia vitunguu siku hizi, tunafanya kazi pamoja tangu mumewe ahamie Rungwa kwenye mizinga ya nyuki. Hakucheka. Nilidhani hajasikia, nikarudia kile kipande cha simu kwa ajili yake. Akaendelea kukata. Alisubiri mteja wa mwisho aondoke, akafuta kisu kwenye aproni, akanitazama.

"Elipendo," alisema, "hukuwa na Kiingereza. Ulimwomba yule mama shule kwa firigisi, na akakubali. Sasa hapo cha kuchekesha ni nini?"